Mama Angetile na Popo wa Nyuma ya Ghala

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufagia uwanja wa ghala letu la kakao hapa Kyela mjini, Mama Angetile Mwasumbi anastaafu tarehe 31 Desemba 2024. Alianza kazi akiwa mwembamba. Tunaolikumbuka hilo tumebaki wachache, nami Sedekia wa mizani ni mmoja wao.

Mikaratusi mitatu nyuma ya ghala ni mji wa popo. Mchana wanalala kichwa chini, kama watumishi wengine ninaowajua. Jioni wanatoka kwa maelfu kufuata maembe na makuyu, alfajiri wanarudi wameshiba na kutuangushia mzigo wote. Sehemu yake ilitua kwenye kofia yangu ya kanisani.

Mama Angetile hakufagia tu. Alichambua mbegu kwenye ule uchafu, akaziotesha katika vyungu vya soko la Lyulilo vilivyopasuka. Ile mivule inayotia kivuli kakao ya watu wa Mwaya ilipita tumboni mwa popo, kisha mikononi mwake.

Popo huzaa mtoto mmoja tu na kumning'iniza kifuani. Mtoto akianguka, Mama Angetile humwokota kwa kitambaa, akamshikiza kwenye ncha ya mwanzi mrefu na kumpandisha hadi tawini. Halafu hukaa mbali, kimya, mpaka mama yake amchukue. Kazi ya ghala husimama, na hakuna aliyewahi kumkemea.

Mwaka 2013 tuliandika barua kwa uongozi wa ghala, miti ile ikatwe. Mwandishi nilikuwa mimi, kwa ajili ya kofia. Kikaoni Mama Angetile alichuchumaa kama anayesalimia wakwe, akasema: "Kateni, baba zangu. Ila wasubirini watoto wajue kuruka. Hata huyu Sedekia alisubiriwa." Watu walicheka mpaka ajenda ikapotea. Watoto waliporuka, hasira nazo zilikuwa zimeruka. Tangu hapo, kila barua ilipoibuka, naye alichuchumaa.

Wiki iliyopita barua ile imetolewa tena kwenye faili. Wanasema mtetezi anaondoka. Na watoto wa mwaka huu bado wako vifuani. Basi nimefuta sahihi yangu, na kikaoni safari hii nitachuchumaa mimi, magoti yakikubali.

Ndaga fijo, Mama. Asante kwa yote. Nenda ukale mchele wa shamba lako, ulale hadi jua likuone, na miaka iliyobaki ikuwie mingi na myepesi. Mwanzi wako nimeuegemeza mlangoni pa mizani. Kitambaa nimekifua.