Sauti ya Mama Benny Iko mu Disque

Benchi letu la mtaa wa Majengo ni ubao mmoja juu ya mawe mawili ya volkano, umeegemea nyumba ya Sikuli, ambaye mtaa mzima unamwita Papa Sinema kwa kuwa amepiga filamu za harusi na matanga yetu tangu enzi za kaseti. Kahawa ya hapa ilikuwa ikiuzwa na mkewe, Apolline, Mama Benny, hadi alipofariki mwaka jana. Sasa Sikuli anatoka na thermos mwenyewe. Anayekaa kulia kwangu ni Habineza, aitwaye Ministre kwa sababu aliwahi kumwendesha waziri fulani kutoka uwanja wa ndege, mara moja tu. Kushoto ni Bashige, fundi wa redio, aitwaye Courant, yaani umeme. Jumanne hiyo Sikuli alitoka na thermos mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika disque nyeusi anayohifadhia filamu zake, ndogo kama kipande cha sabuni. Akaiweka katikati ya vikombe.

— Imekataa tena, alisema.

— Uliandika mot de passe gani, neno gani ya siri? akauliza Bashige.

— Ningekuwa naijua, Courant, ningekuwa hapa na weye?

— Lakini ulikuwa unaifungua kila siku!

— Vidole njo vilikuwa vinaijua. Vinaandika, miye nawaza bitu bingine. Kiisha Mama Benny akafa, nikaacha machine. Siku nimerudia, vidole vinaniangalia tu.

— Na ile namba ndefu? Ile machine inakupa siku ya kwanza, juu ya mutu mwenye kusahau?

— Niliipiga picha mu telefone.

— Si iko mu telefone basi!

Sikuli akamtazama Habineza. Habineza akatazama barabara, ambako chukudu ya mbao ilikuwa inasukumwa na magunia ya makaa.

Siku zile za vita na mabomu, habari ilienea kwamba kwenye barriere, vizuizi vya barabarani, wenye silaha wanafungua simu za watu na kuuliza huyu ni nani, yule ni nani. Habineza alipita mlango kwa mlango akituonya tufute picha za simu. Tulifuta sote, tumekaa chini sakafuni.

— Nilisema mufute bya hatari, alisema Habineza.

— Ulisema byote, Bashige akamjibu. Ulisema hata picha ya mbuzi. Miye nilifuta mbuzi, Ministre.

— Nilikuwa naokoa watu! Wazee walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Tulisikia. Tukavunjika.

Sikuli alimimina kahawa bila kucheka.

— Na weye, juu ya nini kufunga disque? Habineza akamgeukia. Mulango wa nyumba yako hata kufuli haina.

— Harusi za watu ziko ndani. Nani alikaa na nani, nani alicheza na nani. Mutu mubaya akiona, anaanza kutafuta mumoja mumoja. Nilisema nitawachunga.

— Umewachunga kabisa. Hata weye hauwaoni.

— Harusi nitavumilia, alisema Sikuli. Mama Benny iko mule. Wakati alikuwa mugonjwa niliweka kamera karibu ya kitanda, akaongea na watoto wote, kila mutu na jina yake. Samedi, imebaki siku ine, tunatoa matanga. Niliwaahidi watamusikia.

Hapo benchi likajaa wataalamu.

— Ni baridi, alisema Bashige. Iweke mu frigo ya samaki siku moja. Chuma ikikaza, inakumbuka.

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema Habineza.

— Jembe inaingilia wapi?

— Disque imekula siku ngapi mu nyumba bila kutumika? Pasua! Sauti iko pale ndani, itaenda wapi?

— Ukipasua unapata vumbi. Afazali Wachina. Wako na machine inajaribu maneno yote ya dunia.

— Na Kinande, luga ya Sinema?

— Kinande... labda siyo yote.

Habineza alisogea, akashusha sauti kama aliyeambiwa siri ya serikali.

— Sinema, sikiliza. Wale wataalamu wa volcan, kule juu, kazi yao si ni kusikiliza mawe? Wanatega vyombo, wanasikia mulima inapumua. Sasa angalia hii ukuta. Jiwe ya volcan ni matundu matupu. Mama Benny ameongea hapa miaka yote. Maneno iliingia wapi? Iliingia mule! Walete vyombo, waweke hapa, utamusikia anauliza nani hajalipa.

Tulitarajia Bashige amcheke. Hakucheka, kwa sababu Sikuli alikuwa amegeuka na kuweka kiganja juu ya ukuta.

Hapo ndipo Joviale alipotoka nyumbani kuchukua thermos. Huyu ni mke wa Benny, mtoto wa Sikuli. Alifika juzi kutoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, na mimba kubwa. Tangu aolewe barabara ilikuwa imefungwa na vita, hakuwahi kumwona mama mkwe wake. Akizaa msichana, ataitwa Apolline. Alitusalimu, akasimama kidogo.

— Papa, mutu akimuita mama, alikuwa anaitika namna gani?

— Alikuwa anaitika vizuri, akasema Habineza.

— Vizuri namna gani?

— Kama... kama mama.

Bashige akakohoa, akanyoosha shingo, akafanya sauti nyembamba:

— Eeeh, niko nakuja!

Mwanamke aliyekuwa anapita na beseni la ndizi akacheka.

— Hapana, alisema Sikuli. Sauti yake haikupandaka hivyo.

Habineza akajaribu kwa sauti nzito.

— Hiyo ni ya dada yake Micheline.

Wakanitazama mimi. Nilikumbuka mkono wake ukinipa kikombe, na kovu la moto juu ya kidole gumba. Nilikumbuka kwamba hakuniita kwa jina la utani hata siku moja. Maneno yake niliyapata yote. Lakini kila nilipoyasikiliza, aliyekuwa anayasema ni mimi, kwa sauti yangu.

— Muzee? aliuliza Joviale.

Nikatikisa kichwa.

Sikuli akasimama. Akavuta pumzi, akaita, si kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili:

— Apolline!

Akainamisha kichwa, macho ameyafumba. Habineza alitaka kusema kitu. Sikuli akamzuia kwa mkono.

— Sauti yake inakaribia, alisema. Musiongee.