Sufuria ya Gharib Iliyong'aa Mno

Baraza yetu ya mawe ilikuwa na urefu wa hatua nne na nusu, na ilibeba watu watano kwa starehe au saba kwa ubishi. Mwaka ule wa 1954 wenyeji wake tulikuwa wanne: Jeilani seremala, aliyeitwa Msumari kwa kuwa neno lake likishaingia haling'oki, Wazir, aliyeitwa Gazeti ingawa hakuna aliyepata kumwona akilisoma, Muhdhar muuza kahawa, na dele lake juu ya makaa, na mimi, niliyeitwa Hesabu. Asubuhi moja, saa nne na robo, akaja Gharib mshona kofia, vifundo vya vidole vimechubuka. Sababu tuliijua. Mwaka uliotangulia mwanawe wa kwanza alifariki kwa kuhara, ana miezi saba, na dresa, mtabibu msaidizi wa zahanati, alimwambia waziwazi kuwa ugonjwa ulitoka jikoni. Sasa mkewe, Umulkheir, alikuwa ndani ya arobaini, na mtoto wa pili ana siku kumi na nane. Mama mkwe, Bi Mwanamkisi, aliyekuwa akimhudumia mzazi, alikwenda Pate matangani kwa siku tatu, na kabla ya kuondoka aliapa: akirudi akikuta jiko chafu, atamchukua binti yake na mjukuu wakamalizie arobaini kwao. Alitarajiwa kushuka alasiri ya siku hiyo hiyo.

Gharib: Asalaam alaykum. Nimesugua, jamani. Nimesugua mpaka kucha zimekwisha.

Muhdhar: Waalaykumu salaam. Keti unywe. Kidonda cha mkono hakizuii kikombe.

Jeilani: Umesugua kwa kitu gani?

Gharib: Kwa mliyonambia juzi. Jivu la jikoni, mtanga wa pwani, na kumbi la nazi. Sabuni sikununua hata kipande.

Wazir: Mwaona? Usafi hautaki mali, wataka akili.

Gharib: Na Hesabu alinambia mizunguko mia tatu kwa kila chombo. Sufuria kubwa nikaipa mia nne.

Ni kweli nilisema hivyo. Nilikuwa nimefanya majaribio kwa kibao cha kukatia samaki: baada ya mizunguko mia harufu ilibaki, baada ya mia tatu haikuwapo. Sufuria sikuwa nimeijaribu.

Gharib: Lakini leo alfajiri nimeona mende watatu. Watatu, kwa mato yangu haya!

Wazir: Basi ni mia. Mende ni kama mashahidi wa kesi ya shamba, haji mmoja.

Jeilani: Dawa ya mende ni chokaa. Paka ukuta mzima, ziba kila ufa. Chokaa waichoma mwenyewe, haina bei.

Muhdhar: Kabla ya ukuta, vibao na kinu. Chumvi kijiko kimoja, ndimu nusu, kisha uanike jua la saa sita. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Jeilani: Hiyo yahusu nini?

Muhdhar: Ndimu. Usiazime ndimu.

Wazir: Nyinyi mwacheza. Mende ataka moshi. Choma pilipili saba jikoni, funga mlango. Mende hupiga chafya mpaka akahama nyumba.

Jeilani: Mende ana pua?

Wazir: Angekuwa hana, angejuaje pana nazi?

Gharib: Na mtoto je? Moshi wa pilipili na mtoto wa siku kumi na nane?

Wazir akakohoa kidogo, akajipanga upya.

Wazir: Basi achana na moshi. Kamata kaa watatu mikokoni, waachilie jikoni. Kaa hali chumvi, hali ndimu. Ala mende tu.

Jeilani: Wakimuuma mkwe kidole?

Wazir: Atakimbia. Utakuwa umeondoa mende na mkwe kwa gharama moya.

Jeilani: La, la. Kosa ni jiko lenyewe. Jiko lachafuka kwa sababu lapikiwa. Pikeni Ras Kitau, kule ng'ambo Manda, mle hapa Amu. Chakula kivuke, moshi na mende wabaki Manda.

Muhdhar: Na mtuzi ukimwagika ndiani?

Jeilani: Umemwagika baharini. Bahari haioshwi.

Tulicheka wanne. Gharib hakucheka.

Gharib: Nyinyi mwateka. Mimi kila nikipanda lile dari namsikia yule mwanangu wa mwanzo akilia. Nasugua, namsikia. Naacha, namsikia zaidi.

Muhdhar akamjazia kikombe bila ya kuombwa. Katika majumba yetu ya mawe jiko huwa juu kabisa, na kwa Gharib ni ngazi thelathini na moja. Siku tatu hizo alikuwa amezipanda mara nyingi kuliko miaka yake yote ya ndoa.

Gharib: Leo mke wangu nimempikia mwenyewe, mtuzi wa kuku. Alisema mdomo hauna ladha, nikatia ukwaju. Nimeupika saa kumi na mbili, nikaufunika vyema mle mle katika sufuria kubwa, nzi asiuguse. Bi Rahima, yule jirani, atampakulia saa tano.

Nilitazama saa yangu ya mfukoni. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tisa.

Mwisho wa baraza alikuwa ameketi mgeni ambaye hatukumjali isipokuwa kwa salamu. Jina lake Madi, mpishi wa karamu kutoka Kiunga, aliyekuja kwa ajili ya arusi ya mtaa wa pili. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mvuke hadi viwikoni. Akamgeukia Gharib.

Madi: Bwana, sufuria hiyo kubwa ni ya madini gani?

Gharib: Shaba. Ya marehemu nyanya.

Madi: Baada ya ile mizunguko mia nne, ndani iling'aa nyeupe au nyekundu?

Wazir: Kung'aa ni kung'aa, bwana.

Madi: Sikukuuliza wewe.

Gharib: Nyekundu. Nyekundu kama pete mpya. Mwanzo ilikuwa na weupe wa kijivujivu, nikasema huu ndio uchafu wenyewe.

Madi akaweka kikombe chini.

Madi: Ule weupe ni bati. Fundi huupaka makusudi, shaba isiguse chakula. Umeutoa wote. Shaba tupu ikilala na ukwaju hutoa sumu. Nimeona arusi nzima ikitapika. Nani ameshakula?

Gharib alikuwa ameshaondoka. Kiatu kimoja kilibaki barazani.

Nikapiga hesabu, kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kufanya. Hatua mia na kumi na mbili hadi mlangoni kwake, kisha ngazi: kwa mtu anayekimbia, dakika moja na nusu. Zilikuwa zimebaki dakika sita. Hesabu ilikuwa nzuri. Lakini Bi Rahima hakuwa na saa. Yeye hufuata kivuli cha ukuta.

Jeilani: Mtanga alimwambia nani?

Wazir: Wewe. Mimi nilisema jivu.

Jeilani: Mimi mtanga niliusemea vibao!

Wazir: Hukusema vibao. Ulisema "vyombo".

Muhdhar: Na ile mizunguko mia nne?

Wote wakanitazama.

Mimi: Nilisema mia tatu.

Nilipoisikia sauti yangu nikaona haya. Dakika nne zikapita. Muhdhar alipepea makaa ambayo hayakuhitaji kupepewa. Kisha Gharib akatokea pembeni, kifua cha kanzu kimelowa mchuzi.

Muhdhar: Amekula?

Gharib: Vijiko viwili. Bi Rahima amewahi kumpa vijiko viwili.

Madi: Ametapika?

Gharib: Bado. Asema mdomoni pana ladha ya sarafu.

Madi: Vijiko viwili si bakuli. Mpe mai mengi, mpe na maziwa. Akitapika, mwache atapike. Ikifika adhuhuri hajatulia, mpeleke kwa dresa, usingoje. Mtuzi uko wapi?

Gharib: Nimeumwaga wote.

Madi: Vyema. Sufuria usiipikie mpaka fundi aipake bati. Kwa sasa tumia chungu. Chungu waosha kwa mai moto, jivu kidogo na kitambaa. Mtanga ni wa vibao na sakafu. Chombo chenye bati waloweka, kisha wapangusa. Hushindani nacho.

Gharib: Na mkwe wangu?

Madi: Mwambie kabla hajaiona.

Gharib akavaa kiatu chake, akakivua tena kwa haraka, akarudi mbio nacho mkononi.

Niandike hapa, ili msomaji asibaki na wasiwasi usio wa lazima: Umulkheir alitapika mara moja kabla ya adhuhuri, akalala, akaamka mzima. Bi Mwanamkisi alipofika aliambiwa mlangoni. Akapanda, akaigeuza sufuria juani mara tatu, kisha akavua buibui lake akaomba chungu. Hakuondoka na mtu.

Lakini hayo yalikuwa bado. Pale barazani Madi alimaliza kahawa yake, akafuta midomo, akatutazama mmoja mmoja.

Madi: Na za kwenu? Ndani ni nyeupe au nyekundu?

Jeilani: Ya kwetu ni kubwa. Yaingia mbuzi mzima.

Madi: Sikuuliza ukubwa.

Wazir: Mimi... mimi huiona sahani tu.

Muhdhar alimwaga makaa yake mchangani ilhali dele lilikuwa bado nusu, akaliinua, akaelekea kwao. Jeilani akakumbuka kwamba ana mlango wa kumalizia, lakini hakushika njia ya karakana. Wazir aliondoka bila ya kutoa sababu, jambo ambalo halijapata kutokea.

Nilikuwa nimeishi na mke wangu, Bi Umi, miaka ishirini. Kwa milo miwili kwa siku, nikihesabu futari na daku kuwa miwili, nilikuwa nimekula kutoka jiko lile mara elfu kumi na nne na mia sita. Nikainuka. Ngazi zetu, nilizihesabu siku hiyo kwa mara ya kwanza, ni ishirini na saba. Bi Umi alikuwa akikuna nazi. Aliponiona aliacha.

— Bwana, umepotea ndia?

Nilimwomba afunue sufuria. Akaifunua, huku ananikazia macho kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kingo zilikuwa nyeupe. Katikati, mahali mwiko hupita, palikuwa na wekundu. Nikaupima upana kwa vidole. Vilikuwa vitatu.