Mimba Tuliyoihesabu kwa Pamba

Ninyi mnaonisikiliza, na wewe mama uliyekaa karibu na mlango na tumbo lako, jina la Bwana liinuliwe! Mimi ni mama Milembe wa Nkololo. Nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyomwokoa mwanangu wa pili kabla hajazaliwa.

Ndugu zangu, nyumbani kwetu mimba huhesabiwa kwa pamba. Mama mkwe wangu alizaa watoto wake wote kwa hesabu hiyo: huyu alishika mimba yake wakati wa palizi, yule alizaliwa mzigo wa pamba unapelekwa gulioni kuuzwa. Hata Milembe, mtoto wangu wa kwanza, alikuja hesabu ikiwa imetimia. Tungeitilia shaka kwa lipi?

Basi tukiwa tunapanda pamba, nikaanza kutapika na kuishiwa nguvu. Mama mkwe akafurahi, akasema nina mimba. Damu ya mwezi nilikuwa sijaiona tangu nijifungue, maana Milembe alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo sikuwa na alama nyingine ya kushika. Tumbo lilipokuja kuonekana, sote tukahesabu kuanzia kupanda. Kliniki ni mbali, nikawa nasema nitaenda kazi ikipungua.

Pamba ikapaliliwa, ikachumwa, ikauzwa, masalia yakang'olewa. Mtoto kimya! Majirani wakasema mimba imefungwa, kwamba kuna mtu mbaya amemfungia mtoto afie ndani. Mume wangu alikuwa Bukundi na ng'ombe, na kila akipiga simu aliuliza kama nimejifungua.

Msimhukumu mama mkwe wangu, ndugu zangu. Dada yake alikufa na mtoto tumboni, na yeye ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Aliogopa kuliko mimi. Akatafuta mizizi ya kuleta uchungu, akaichemsha, akanipa kikombe. Nikakishika, nikaomba kimoyomoyo: Bwana, sijui kipi kitaniulia mtoto, kunywa au kutokunywa. Nikapata ujasiri ambao haukuwa wangu.

"Mayu, mama yangu," nikamwambia mama mkwe, "twende kwanza nikapimwe. Wakisema mimba imepitiliza, dawa nitainywa mbele yako."

Akakichukua kikombe. Kisha akaimimina dawa kwenye chupa ya soda, akakaza kifuniko.

"Twende. Lakini dawa naibeba."

Kwenye kituo cha afya nesi aliuliza siku ya kwanza ya damu yangu ya mwisho, maana hesabu huanzia hapo. Nikamwambia sina. Hakunigombeza. Akauliza mtoto alianza kucheza lini. Hilo nililikumbuka vizuri: nilikuwa nimeinama nachuma pamba, nikasikia kitu kinapapasa ndani, nikasimama na pamba mkononi nikicheka peke yangu.

Nesi akatueleza taratibu. Mama huanza kumsikia mtoto mimba ikiwa na miezi kama minne au mitano. Kama ingeingia wakati wa kupanda, ningemsikia wakati wa palizi, si wakati wa kuchuma. Akapima tumbo kwa futi ya kitambaa, akasikiliza mapigo, akatutuma Bariadi mjini kwa kipimo cha picha cha kumwona mtoto tumboni. Tulipomrudishia nesi majibu, yakakubaliana na hesabu yake: miezi saba! Kule kutapika huenda kulikuwa ni malaria. Mtoto hakuchelewa wala hakufungwa. Dawa ile ingemtoa kabla hajakomaa.

Mama mkwe akakaa chini kwenye benchi.

"Basi pamba imenidanganya," akasema.

"Pamba haina kosa, mama," nesi akamjibu. "Ilikuwa inahesabu ya kwake."

Mama mkwe akacheka, machozi yakimtoka. Tulipotoka nje aliimwaga ile chupa kwenye michongoma ya uzio, yote.

Tulipoanza kupanda pamba tena, uchungu ukaja wenyewe. Nikajifungulia kituoni mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti. Mama mkwe alimpokea akamwambia, "Kumbe una msimu wako." Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyemtunza mtoto gizani wakati sisi wote tumekosea hesabu. Mtumainini, naye atawapa ujasiri wa kuuliza.

Nawe mama uliye karibu na mlango, usinywe chochote cha kuharakisha uchungu. Kesho asubuhi nenda kliniki. Kama hujui tarehe usione haya: sema hujui, waambie mtoto alianza kucheza lini, kisha uwaache wakupime.