Nareyu wa Senteu: Samadi Iliyotoka Nyumbani

Wasifu huu unasomwa na binti yake wa kwanza, Aneth.

Mama yetu, Nareyu Senteu, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968 Nainokanoka, Ngorongoro, mtoto wa tatu wa mzee Senteu. Alimaliza darasa la saba mwaka 1983, msichana pekee wa boma lao kufika hapo.

Mwaka 1990 aliolewa na Simoni Mughwai, kibarua wa mashamba ya ngano kutoka Singida, wakaanza maisha Mbulumbulu. Babu, mfugaji wa Kimaasai, hakuridhia aolewe na mkulima. Alisema, "Anayechimba ardhi si mtoto wangu." Mwaka 1994 mama alikwenda kumwona, mimi nikiwa mgongoni. Babu alitoka na ng'ombe, akarudi tukiwa tumeshaondoka.

Kazi yake ilikuwa bustani ya mboga. Mwanzoni alizungushia miche ya kabichi samadi mbichi, ikaungua yote. Baba akamwambia, "Mke wangu, umemlisha mtoto mchanga nyama." Ndipo alipojifunza kutengeneza mboji: majani makavu, samadi, majivu na maji, kisha kufunika na kugeuza mpaka joto liishe. Kabichi zake zikajulikana sokoni Karatu.

Mwaka 1998 kaka yake, mjomba Tajewo, alifika na punda wanne wenye magunia ya samadi kavu.

"Nani kakutuma?" mama aliuliza.

"Mzee. Kasema zizi lisafishwe."

"Amenitaja?"

"Hajakutaja. Lakini magunia kayafunga mwenyewe."

Yalikuja kila mwaka hadi babu alipofariki mwaka 2016. Hawakuwahi kuonana tena. Mama alifungua kila fundo taratibu kwa vidole, na kamba hakutupa hata moja.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Januari mwaka huu, 2025, aliomba tumpeleke Nainokanoka. Ndugu walishahama. Palipokuwa zizi pameota majani mabichi, marefu kuliko ya pembeni. Alikaa hapo mpaka mchana.

"Baba alikuwa na bustani," alisema. "Hakujua tu."

Alifariki nyumbani Mbulumbulu, asubuhi ya tarehe 9 Machi.

Ameacha mume, watoto watatu, Aneth, Benson na Resiato, wajukuu watano, kaka yake Tajewo, na majirani waliozoea kumwita langoni kila asubuhi kuomba mboga. Jana mmoja wao aliita kwa mazoea. Tulisikia sote ndani.

Mungu ampe mama yetu pumziko lenye amani.