Adabu ya Karani

Asubuhi ile benchi la kona lilikosa utulivu, maana Fundi Pindo hakutulia juu yake. Akikaa anainuka, akiinuka anaivuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni, anaikunja, anaikunjua, anakaa tena. Na kila akikaa benchi linayumba, na wenzake wanashika vikombe vya kahawa kwa mikono miwili. Nyuma yao kibanda chake cha kushonea kilikuwa wazi, cherehani bado kimefunikwa kitambaa. Mbele yao alikuwa mbwa: mkubwa, rangi ya mkate uliopitiliza kidogo jikoni, ameketi wima kama mtu anayesubiri kuitwa ndani ya ofisi. Sahani ya bati ilikuwa chini ya pua yake, na ndani ya sahani kipande cha nyama kisichoguswa. Jina lake Karani. Alikuwa mbwa wa kaka mkubwa wa Fundi, mtu aliyeishi peke yake, ambaye juzi alianguka bafuni kwa kiharusi. Sasa kaka yuko hospitali. Macho anafumbua, watu anawatambua, ila neno halimtoki.

— Mkeo, shemeji yetu, amesemaje? aliuliza Hakimu. Huyu alikuwa kinyozi wa jirani, na jina alipewa kwa sababu hakuna kesi ya mtaa ule iliyowahi kumpita bila hukumu.

— Amesema nimpe jibu kabla ya chakula cha mchana, Fundi alijibu. Mbwa mwema wa kuzaliwa aingie. Mbwa mwema wa kufundishwa asikanyage kizingiti.

— Tofauti yake nini? Wema si wema?

— Nyumbani kuna mjukuu anatambaa. Mama watoto anasema, mbwa wa kufundishwa mwalimu wake hayupo. Siku akisahau somo, mtoto wetu ndiye atakuwa mtihani.

— Na asipoingia? aliuliza Breki, dereva mstaafu wa malori.

— Kuna bwana mmoja ana ghala. Anatafuta mbwa wa kufunga mnyororo. Atapita jioni.

Neno mnyororo lilimwinua Fundi. Benchi likayumba.

— Mbwa wa kaka kwenye mnyororo, alisema, akiwa amesimama. Kaka akipona ataniuliza. Hata asipoweza kusema, ataniuliza kwa macho.

— Kaa, bwana, utatumwagia kahawa. Mwenda pole hajikwai, alisema Breki. Mtazame mwenzako alivyotulia.

— Hiyo inahusu nini? Mbwa hajaenda popote.

— Ndiyo maana hajajikwaa.

Bibi Birika, muuza kahawa, alicheka mpaka birika likatikisika mkononi. Hakimu hakucheka. Alinyanyuka, akasafisha koo, akajinyoosha mbele ya mbwa kama anafungua kikao.

— Karani, kaa.

Mbwa, ambaye alikuwa amekaa, akaendelea kukaa.

— Mmeona? Huyu amefundishwa.

— Na mimi nikiliambia jua liwake saa hizi, litakuwa limefundishwa na mimi, alisema Bibi Birika.

— Haya. Karani, lala.

Mbwa hakulala. Alimtazama Hakimu usoni kwa heshima zote, wala hakulala.

— Basi hakufundishwa, alisema Hakimu, akarudi kuketi bila haya, kama mtu aliyepokea ushahidi mpya.

— Ninyi hamjui mashine, alisema Breki. Mbwa wa kufundishwa ni lori lenye breki nzuri. Mbwa mwema wa kuzaliwa ni lori lisilo na injini. Lori bovu limewahi kumgonga mtu? Halijawahi. Je, tuseme lina adabu?

— Kwa hiyo mbwa mwema ni mbwa mbovu?

— Mbwa mwema ni mbwa aliyepaki kwenye tambarare. Mpeleke mlimani ndipo umjue.

Fundi alimtazama Karani, akajaribu kumwona mlimani, akashindwa. Alichoona ni sakafu ya sebuleni kwake, mjukuu anatambaa kuelekea mkia.

— Mimi mume wangu wa kwanza alifundishwa, alisema Bibi Birika, akimimina. Na mama yake. Anainuka mgeni akiingia, anafuta miguu mlangoni, anasema ahsante mpaka kwa paka. Watu wakaniambia, umepata mume. Mama mkwe alipofariki, adabu aliivua siku ileile kama mtu anavyovua koti. Nikabaki na mtu ambaye sijawahi kuolewa naye.

— Bibi, nakuomba, hayo mke wangu asiyasikie, alisema Fundi.

— Atayasikia wapi? Nasema tu. Adabu ya kufundishwa ni ya mwenye kuifundisha. Akiondoka, anaondoka nayo.

Fundi aliikunja futi, akaikunjua. Hilo ndilo lililokuwa likimkera tangu alfajiri, na sasa limesemwa mchana kweupe, na kahawa juu yake.

Hakimu alikuwa ameshainama juu ya kichwa cha mbwa, akipekua manyoya kwa vidole vya kazi.

— Wema uko kwenye nywele. Nimenyoa vichwa vya nusu ya mtaa huu. Nywele za utosini zikizungukia kulia, mtu kazaliwa mwema. Zikizungukia kushoto, wema wake ni wa fimbo.

— Na huyu?

— Huyu zinazunguka pande zote mbili. Kesi nzito.

— Hakuna kesi, alisema Breki. Kila mwema amefundishwa, ila wengine walifundishwa mapema. Huyu somo alilipata kwa mama yake, hajazaliwa bado. Mama anapita mtaani, masikio kayalaza, anawasalimu wakubwa, na mtoto huko ndani anasikiliza. Samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikunjwa akiwa yai.

— Mbwa hatagi, Breki.

— Ndiyo maana kazi ilikuwa ngumu.

Paka wa duka la pili akakatiza katikati yao, mkia juu, bila wasiwasi wa mtu yeyote. Wote waligeuka kumtazama mbwa. Karani alimfuata kwa macho mpaka kwenye mtaro, kisha akayarudisha macho yake kwa watu.

Simu ya Fundi ikalia.

— Bado mnakunywa kahawa? Sauti ya mkewe ilisikika mpaka mwisho wa benchi.

— Tunalichunguza, mama. Karibu tunamaliza.

— Chunguzeni. Mchele uko jikoni.

Akakata. Fundi akabaki ameishika simu mkononi kama kitu cha moto. Bwana wa ghala angefika jioni, na bwana wa ghala hakuwa mtu wa kuuliza tabia. Aliuliza tu kama mbwa ana meno.

— Mimi naitazama sahani, alisema Bibi Birika polepole. Ile nyama iko pale tangu nilipowasha jiko. Jana je?

— Jana nilimwekea mfupa, hakugusa. Juzi nyumbani kwa kaka nilimkuta amekaa hivyohivyo, nikamwekea mkate. Alinusa, akaugeuzia shingo. Maji anakunywa. Chakula hana habari nacho.

Hakimu alipiga goti lake kofi.

— Na ulikuwa umekaa na ushahidi huo mfukoni? Kesi imekwisha. Kukaa kunafundishika, kulala kunafundishika. Tamaa haifundishiki. Mimi nina wasaidizi wawili pale saluni, nimewafundisha kila kitu, lakini weka sambusa mezani ugeuke. Mbwa mwenye nyama puani asiyeitaka, huyo kazaliwa hivyo.

— Mla mbuzi hulipa ng'ombe, aliongeza Breki. Huyu hali, hadaiwi na mtu.

— Na asiyetaka nyama iliyokufa atataka ya mtoto? alisema Bibi Birika. Mpigie mkeo, Fundi. Mchele utaungua.

Kuna kitu kilimvuta Fundi ndani, kidogo tu, kama uzi ulionasa upande wa nyuma wa kitambaa wakati upande wa mbele unapendeza. Lakini jibu alilolitaka lilikuwa limekuja, na lilikuja na mashahidi watatu. Akapiga.

— Mama watoto, ni mwema wa kuzaliwa. Hata nyama haimshughulishi.

Mkewe alifunika sufuria, kifuniko kikasikika simuni.

— Basi mlete. Ila wiki hii utalala naye wewe, sebuleni.

Fundi akaketi kwa uzito wake wote. Benchi likayumba na hakuna aliyelalamika. Hakimu alimpa mkono. Bibi Birika alimjazia kikombe bila kuulizwa.

Hapo ndipo akafika mwanamke mmoja, sketi ya kijivu mkononi, zipu imeachia mpaka chini. Hakuwa mtu wa benchi lile. Aliwaamkia, wakamwitikia.

— Fundi, hii inabadilishwa nikisubiri?

— Inabadilishwa, dada. Kaa hapo, upate kahawa.

Mwanamke hakukaa. Alikuwa akimtazama mbwa. Chini ya taya la Karani udongo ulikuwa umelowa, duara jeusi pembeni mwa sahani, na uzi wa mate ulikuwa bado unashuka. Macho ya mbwa hayakuwa kwenye nyama. Yalikuwa juu, yakihama kutoka mdomo wa mtu mmoja kwenda wa mwingine, yakisimama kwa kila aliyesema.

— Wa nani huyu?

— Wa kaka yangu. Anaumwa, kalazwa.

— Pole sana. Mwanamke aliihamishia sketi mkono wa pili. Kwani huyu hula akiambiwa nini?

Hakimu aliinama kuutazama udongo uliolowa. Breki alitafuta methali, kwa mara ya kwanza haikupatikana. Bibi Birika aliliweka birika chini.

Fundi Pindo alikuwa amerudi wodini kwa mawazo. Ilikuwa jana, saa ya kuwaona wagonjwa, naye ameinama kitandani akimliwaza kaka yake: Karani hajambo, kaka, wala hasumbui, hata chakula haombi. Na kaka alikuwa ameukamata mkono wa shati lake, ameuvuta, ameuvuta tena, midomo ikihangaika kwa kitu ambacho hakikutoka. Fundi alidhani ni shukrani. Alimpapasa bega, akamwambia, usijali, sisi ni ndugu.

Akashuka kutoka kwenye benchi, akapiga magoti kwenye udongo, akaisogeza sahani.

— Karani, kula.

Masikio ya mbwa yalisimama.

— Haya. Chukua. Tayari. Karibu, Karani. Karibu, mwanangu.

Kwa kila neno mbwa aliegemea mbele kidogo, akasita, akamtazama mdomoni, akangoja neno lenyewe.