Feni Iliyobaki Nyumbani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka karani aliyebeba feni. Ndiyo, feni. Asubuhi anaingia nayo ofisini, jioni anarudi nayo kwake. Mtaa mzima ulimwita Mama Feni, naye akiitika bila kinyongo.

Alikuwa karani wa ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Kompyuta yake, jamani, ilikuwa na umri wa kuoa! Ikipata joto, inazimika. Basi akaifungua ubavu, akaielekezea feni ya chumbani kwake, na vyeti vikatoka. Kila mwaka aliomba mashine mpya. Kila mwaka akapigwa kalenda: hakuna fungu. Tena wakubwa walimuuliza, si inafanya kazi, shida iko wapi?

Hapo Mama Feni akang'amua jambo. Shida haikuonekana kwa sababu yeye mwenyewe aliificha kila asubuhi, kwa feni yake.

Ikatangazwa kwamba kamati ya bajeti inakuja kukagua. Siku iliyotangulia alihakikisha kila mwenye haraka, hasa wazazi wa watoto wa mtihani, ameondoka na cheti. Nyumbani akamwambia mumewe kuwa kesho feni haitoki. Baba wa watu akashika kichwa. Akamsihi aibebe tu, maana unga ukimwagika watoto watakula nini? Mama Feni naye aliogopa, tena sana. Lakini alipiga moyo konde, akaondoka mikono mitupu.

Kamati ikafika, ikasimama nyuma yake. Kompyuta ikatoa cheti kimoja, ikatoa cha pili, kisha kimya. Foleni ikaguna. Mkuu wa ofisi, jasho likimtiririka, akamnong'oneza alete ile feni upesi. Mama Feni akajibu kila mtu akisikia:

"Feni ni ya kwangu, bosi. Leo imebaki nyumbani."

Mwenyekiti wa kamati akauliza, feni gani? Akaelezwa. Akaketi kwenye benchi na wananchi, akingoja mashine ipoe. Alingoja sana, wapendwa. Bajeti iliyofuata, fungu likapatikana. Mashine mpya zikaja, na Mama Feni alizitumia mpaka akastaafu, unga wake salama.

Wiki iliyopita alitutoka baada ya kuugua. Inaniuma, lakini kila nikimkumbuka nacheka. Mumewe alituambia hivi:

"Feni ile ilipoza mashine ya serikali miaka nenda rudi. Mwisho niliiwasha kando ya kitanda chake. Nikamwambia, mama, hii sasa ni yako peke yako. Akacheka, akalala."

Mzee wetu, watoto na wajukuu, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nawe unayenisikiliza, uliye mtumishi wa umma, kesho ukiingia ofisini tazama ulichobeba kutoka nyumbani ili kazi iende. Najua unakibeba kwa moyo mwema. Siku moja kiache nyumbani.