Mzee Phineas Kimeli na Rangi ya Chaki

Mzee Phineas Kimeli ameitumikia Karakana ya Kipyego, hapa Eldoret, miaka ishirini na sita. Aliingia mwaka wa 1961 kuosha burashi, na leo Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 1987, anastaafu akiwa fundi mkuu wa rangi. Miaka hiyo yote hajachelewa hata siku moja, na alikuwa anatoka Sugoi kwa baiskeli. Kuna wengine wenu mnakaa Kimumu hapa tu na saa tatu mnaingia mkipiga miayo. Mnajijua.

Amepaka viti vya kanisa, vitanda vya hospitali, na kabati nzito ambazo wazungu waliziacha walipouza mashamba. Mkebe wa rangi akiunusa anakwambia kama ulishawahi kulala kwa jua. Nilidhani ni maringo, tukamjaribu na mikebe minane. Hakukosa hata mmoja.

Lakini jambo kubwa la maisha yake hapa ni rangi ya chaki, na lazima liandikwe na mtu aliyekuwepo, kwa sababu vijana mnalisimulia vibaya.

Ilikuwa 1984. Mgeni mkubwa alikuwa apite barabara yetu, na amri ikatoka kila ukuta unaotazama barabara uwe mweupe. Mzee Kimeli akanituma kwa duka la Halima nilete chokaa. Nikarudi na chaki, katoni nne, zile za kuandikia ubaoni. Halima alikataa kuzirudisha. Alisema, "Mama Kageha, hizo zimenikalia tangu mwaka juzi, wewe ni baraka kutoka kwa Mungu." Bwana Kipyego, mwenye karakana, naye alisema maneno ambayo hayafai kwa programu ya sherehe.

Mzee Kimeli alivunja chaki moja, akasugua unga wake kati ya vidole, kisha akaomba kinu. Akatwanga, akachunga kwa leso, akakoroga na maji mpaka ikawa kama uji wa mtoto, akamimina ndani ya rangi ya ukuta iliyobaki stoo. Ukuta ukawa mweupe, na rangi ikasalia. Kulikuwa na kabati arobaini za hosteli ya wasichana zikingoja kupakwa, vanishi yake imeshika mafuta ya miaka. Sisi wanawake sita wa msasa tulikuwa tunasugua kabati moja siku nzima ndipo rangi ikubali kushika. Siku hiyo tulikuwa nje tunapaka mawe ya barabara, kwa hivyo aliijaribu rangi hiyo kwa kabati moja hivyo hivyo, bila msasa.

Asubuhi tuliikwaruza na kucha. Haikutoka. Nimezaa watoto saba na nimeona mengi, lakini kabati kama ile sikuwa nimeona. Ilikuwa laini kwa macho kama ganda la yai, haing'ai, imetulia. Ungesema ule mti uliota na rangi yake.

Ndipo Bwana Kipyego akatugeukia. Akauliza, "Sasa kama msasa hautakiwi, hawa wamama ni wa nini?" Akasema mwisho wa mwezi tuende nyumbani, wote sita. Mimi ndiye niliyeleta zile chaki. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Kimeli akaweka burashi chini. Akamwambia tajiri kwamba rangi hiyo bado haijakamilika, ukiigusa inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Inataka msasa mwembamba juu yake, halafu nta ya nyuki, na mkono unaojua mahali pa kuacha. Bwana Kipyego akasema hata yeye ana mkono. Akasugua mlango mmoja kwa nguvu za mtu aliyekasirika, akafika kwa mbao. Mzee Kimeli akaniita. Nilifumba macho, nikasugua mlango wa pili na msasa mwembamba nikiufuata kwa vidole, mpaka ukawa kama hariri. Bwana Kipyego akaupapasa, akarudi ofisini, na habari ya sisi kwenda nyumbani ikaishia hapo.

Mpaka leo sijui kama Mzee alilijua hilo la msasa wa mwisho ama alilitunga palepale. Nimemuuliza mara kumi. Anacheka tu.

Watu walikuja mpaka kutoka Chepkoilel kutaka rangi hiyo. Bwana Kipyego akaomba vipimo viandikwe kwa karatasi, apewe mtu yeyote. Mzee Kimeli alisema yeye na karatasi hawasikizani, na huo ni uongo, kwa sababu anasoma gazeti hata matangazo ya vifo. Vipimo alitupa sisi sita kwa mdomo, kwa lugha ya jikoni: vikombe vitatu vya rangi, kimoja cha unga wa chaki, maji mpaka mwiko uache njia kisha njia ijifunge. Alihakikisha kwamba kazi ile haitapita pahali bila kupita kwa mikono yetu.

Mzee, tumekugombeza sana kwa kumwaga unga sakafuni. Asante. Jumatatu saa mbili wanawake sita tutafungua karakana hii na kuchanganya rangi, na hakuna mtu atatuuliza sisi ni wa nini. Wewe lala mpaka jua lipande, unywe maziwa yako ya mursik, na miaka iliyobaki ikutendee mema kama ulivyotutendea.

Kageha, kwa niaba ya wanawake wa msasa